Watu wa Kabambare Wanakuja Pamoja

Nilitoka kazini mwanzo wa kiangazi, na nilikuwa nimejiapia kunyamaza. Niko na shamba la muhogo, niko na wajukuu wa kuchunga, niko na goti linalonisumbua kila asubuhi. Kazi ya kutosha. Lakini juzi nilipita mbele ya dépôt yetu ya dawa hapa Kasongo nikaona karatasi mpya mulangoni. Imefungwa mu plastiki ili mvua isiiguse. Inasema: watu wa Kabambare, Salamabila na Lusangi wasifike tena kwa pamoja, kila mumoja afike peke yake kwa siku yake, juu mashine ya hesabu ya dawa inashindwa. Chini yake muhuri. Muhuri mukubwa kama kitumbua.

Ile karatasi infirmier Assumani, muuguzi wa kituo cha Kabambare, ameitii. Amekuja peke yake, akachukua chanjo zake, akarudi peke yake. Njiani pikipiki ikateleza mu matope, ikamulalia muguu. Alikaa pale na sanduku lake la baridi begani mpaka wamama waliokuwa wanatoka sokoni wakamuona. Sasa muguu umevunjika, uko mu plâtre, na chanjo zimetupwa, maana jua liliwahi kuzifikia. Na ninyi vijana wa chumba cha mashine mumekaa kwenye kivuli, mashine yenu iko nzima, munafurahi.

Basi mimi Mama Mwavita nawaandikia. Mushahara sitauzungumza, ulikuwa unakuja siku ulipotaka wenyewe. Vyeo pia sitavizungumza. Nitawaandikia namna ile mashine ilivyotunzwa kabla yenu, ili musiseme hamukuambiwa.

Siku ya kwanza walinipa ufagio. Nilikuwa nimefika darasa la ine tu, na hawakuniuliza zaidi. Ile dépôt inagawa dawa kwa vituo vya afya vya kusini yote, na mu chumba kimoja cha nyuma mulikuwa serveur, sanduku jeusi linalonguruma, na ndani yake base, ni kusema dawa zote na vituo vyote vimeandikwa kwa mistari inayojuana: kitu gani kimeingia, kimetoka, kimekwenda wapi, kitaisha lini. Mutunzaji wake alikuwa Papa Kitenge. Mutu mwembamba, hacheki ovyo. Aliniangalia na ufagio wangu, akasema:

"Mama, humu hatufagii."

"Nimelipwa kufagia, Papa."

"Ukifagia vumbi inaruka, inaingia mu pua ya mashine. Ile haina mukono wa kujifuta."

Akanipa burashi ya kupakia rangi, mupya, na kitambaa kikavu. Kwa muda murefu hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu: kutoa vumbi nyekundu ya Kasongo mu matundu ya mashine, polepole, kuelekea nje. Nikafundishwa betri za jua na maji yake. Nikafundishwa kusikia: upepo wa mashine ukipiga mluzi, kuna tundu limeziba. Panya walikuwa wanakula waya, nikaleta paka. Directeur wa wakati ule akamukataa, akasema paka hayuko kwenye liste ya wafanyakazi. Panya nao hawakuwa kwenye liste, lakini kazini walikuwa wanafika bila kukosa. Paka nikamuingiza kwa dirisha.

Kisha siku moja Papa Kitenge akaniita nikae. "Umeujua mwili wa mashine," akasema, "sasa ujue kichwa chake." Akanipeleka mu ghala, kati ya rafu na makatoni. Mafundisho yote alinipa pale nikiwa nimesimama. Karatasi hakunionyesha hata moja.

"Unaona rafu? Ile ni disque. Vitu vyote vinakaa pale. Kwenda kuvichukua ni mbali, ni kupanda ngazi. Sasa unaona meza? Meza ndiyo mémoire. Kitu kinachoulizwa mara nyingi kinabaki mezani, hakuna haja ya kupanda ngazi tena. Hii meza kubwa ya katikati ni ya wote. Hapa kwetu naipa robo ya chumba, haizidi sana."

"Robo tu? Na ingine tunaifanyia nini?"

"Ngoja. Mutu akiomba orodha ya dawa ipangwe kwa tarehe ya kuisha, mashine inamufungulia meza ndogo, kameza kake mwenyewe ka kupangia. Mutu mwingine naye akiomba, naye anapata kake. Hatugawani hiyo. Kila mumoja yake. Kwa hiyo ukubwa wa kameza, usiuweke kwa kuangalia mutu mumoja. Na mahali panapobaki, pabaki wazi. Mubebaji anapita pale na makatoni. Ukijaza chumba kwa meza, mubebaji atapita wapi?"

Nikamuuliza, na kama pamejaa kabisa? Alinijibu kwa sauti ya mutu aliyeona: "Kwanza mashine inaanza kuweka vitu nje, uani, na kwenda kuviokota tena. Inakuwa nzito kama mugonjwa. Ikizidi, inatafuta wa kufukuza. Inamuchagua munene kuliko wote. Na munene kuliko wote mu ile sanduku ni base yenyewe."

Yote niliyoyajua baadaye yalitoka mu ile ghala. Amri za kuandika nilizishika kwa kichwa, kama mutu anavyoshika sala, kidole kimoja kimoja. Lakini kabla ya kugusa kipimo chochote, Papa Kitenge alikuwa na swali lake moja. Alikuwa anageuka ananiuliza: "Mama Mwavita, leo siku gani?" Tarehe ilikuwa mukutani, angeweza kuiona. Alitaka kujua nani yuko njiani. Siku ya kwanza ya juma ni watu wa hapa mujini, wawili watatu. Siku ya ine ni wa Kabambare, Salamabila na Lusangi, na wale hawaji wawili watatu. Wale wanakuja pikipiki karibu ishirini, mukia mumoja wa matope.

Na kama kuna mumoja kati yenu hajui kwa nini wanakuja pamoja, apande pikipiki aende. Kuna mahali barabara ni barabara, kuna mahali ni muto. Mumoja akizama, wane wanamunyanyua. Na ile njia inayopita karibu na machimbo ya dhahabu, mutu mwenye mzigo begani hapiti peke yake, wanyang'anyi wanamungojea. Hakuna aliyewaandikia hii sheria. Wameipata kwa kuzika.

Papa Kitenge alifariki, Mungu amurehemu, na nikabaki na mashine. Wakati huo dawa zimeongezeka, base imenenepa, na orodha ya tarehe za kuisha ilianza kukawia. Mutu anaomba, anakwenda kunywa maji, anarudi, bado. Wakatuletea ingénieur kutoka Kindu, kijana Trésor. Simusemi vibaya. Alinisalimia kwa mikono miwili, akakaa chini kwenye vumbi na mimi, akaangalia vizuri. "Mama," akasema, "mashine inakosa nafasi ya kupangia, kameza ni kadogo. Inapanga chini, kwenye disque. Ndiyo maana inakawia." Na ilikuwa kweli. Akaongeza kila kameza kakawa nusu giga. Orodha ikaja kabla sijavaa miwani. Nilipiga makofi, wote tulipiga makofi. Ilikuwa siku ya pili ya juma, dépôt kimya, na mu mashine alikuwa yeye peke yake. Akapanda pikipiki, akarudi Kindu.

Siku ya ine wakafika.

Assumani alikuwa wa kwanza kushuka, matope mpaka kwenye nyusi. Huyo Assumani ni mutu murefu, mudomo wake haupumziki, na mimi alikuwa ananiita Koko wa Mashine, juu wajukuu wangu wananiita Koko naye hakutaka kubaki nyuma.

"Koko wa Mashine! Ile sanduku yako haijakuoa bado?"

"Nawa uso kwanza, nijue ninamutukana nani."

Akacheka, lakini akaja karibu akasema chini chini kwamba surua imeingia upande wake. Watoto wawili wamekwisha kuzikwa. Ameita wamama wote wa vile vijiji wafike siku ya posho, ni kusema ya sita ya juma, kesho kutwa yake, na watakuja na watoto mugongoni kutoka mbali. "Nikichelewa watarudi mashambani," akasema, "na kuwaita mara ya pili hawaji." Basi nikatoa barafu mu congélateur, nikazipanga mu sanduku lake la baridi, kama tulivyokuwa tunafanya siku zote, juu bon, karatasi ya ruhusa ya kutoa dawa, ilikuwa inatoka kwa pumzi moja. Na bila bon kutoka mu mashine, dawa hata moja haivuki mulango. Sheria ya nyumba, na mimi mwenyewe naiheshimu.

Wote wakaingia mu chumba cha kungojea, kila mumoja akatoa tablette yake akafungua orodha. Nikasikia mashine inanguruma tofauti. Ikawa nzito. Ikanyamaza. Niliposoma kioo, base ilikuwa imefukuzwa, vile vile Papa Kitenge alivyosema. Nikaiwasha. Chumba kizima kikaruka juu yake, ikaanguka tena. Nikaiwasha tena. Ikaanguka. Barafu ya Assumani inaendelea kulia maji ndani ya sanduku.

Directeur akatoka mu ofisi yake. Huyu alikuwa mwingine, si yule wa paka.

"Ni hawa!" akasema. "Wanakuja kama nzige! Siku zingine mashine haina shida, wakifika wao tu inakufa. Kuanzia leo mumoja mumoja!"

"Mukubwa," Assumani akamuuliza, "mu ile njia, wewe ungepita mumoja mumoja?"

"Hayo ya njia hayanihusu. Mimi niko na mashine ya kulinda."

Akaandika tangazo, avis, kwa mukono wake, akaibandika mulangoni na sparadrap. Damu ilinipanda. Mashine ilinunuliwa ili dawa ifike Kabambare! Sasa Kabambare iombe ruhusa kwa mashine? Lakini kelele haziwashi base, basi nikasimama dirishani panapopatikana réseau nikamupigia Trésor.

"Mama, angalia milango iliyofunguliwa mu base. Iko mingapi?"

Nikahesabu. "Karibu makumi mane."

"Na watu?"

"Nusu yake."

"Basi ile nusu ingine ni nani?"

Nikageuka nikakiuliza chumba. Kila mutu akaangalia tablette yake kama mutoto anayeulizwa nani amekula sukari. Assumani ndiye aliyeanza kucheka.

"Koko, ni bidon."

"Bidon gani?"

"Dumu za maji, za kwenye chemchem. Wewe ukifika asubuhi si unaweka bidon yako kwenye mustari, halafu unaenda kupiga habari? Hii programme yenu zamani ilikuwa inatuambia tungoje, nafasi imejaa. Tukajifunza. Mutu akifika anafungua orodha mbili. Moja ya kusoma. Moja anaiacha wazi, imushikie nafasi."

"Wote munafanya hivyo?"

"Nani asiweke bidon, aone wenzake wanateka?"

Mimi mwenyewe bidon yangu ilikuwa chemchemini tangu alfajiri. Nikamuelezea Trésor. Hakukasirika, wala hakuwatukana. Akahesabu kwa sauti ili nami nifuate: orodha ikiachwa wazi katikati, kameza kake hakakunjwi. Makumi mane kwa nusu giga, ni giga makumi mawili. Ongeza ine za meza ya wote. Na sanduku letu zima lilikuwa na kumi na sita. "Mimi nilipima nikiwa mutu mumoja," akasema. "Kosa liko hapo, Mama, si kwa wale watu. Andika ninavyokuambia."

Akataja herufi moja moja, nikaandika kwa kidole kimoja. Kila kameza kakarudi mégas thelathini na mbili: kakubwa kidogo kuliko ka zamani, kadogo sana kuliko ka nusu giga. Kisha akaweka amri ya pili, kwamba orodha iliyoachwa wazi bila kuguswa ifungwe yenyewe baada ya muda. Na kwa kupangia ile orodha nzito akatengeneza njia ingine, dawa zikae zimekwisha kupangwa kwa tarehe ndani ya base yenyewe, ili meza kubwa isihitajike. Akaniuliza: "Na leo, hizo bidon tunaziondoa namna gani?"

Assumani hakungoja. Alipanda juu ya benchi kama yule mama mwenye sauti anayekosekana kwenye chemchem moja tu, ile iliyokauka.

"Kila mutu atoe bidon yake!"

"Anza na yako, muongo!" akasema infirmière Feza wa Salamabila. "Wewe hata chemchem ya kwenu wanakufahamu."

"Yangu nimetoa, njoo uone!"

"Iko mbili hapo!"

"Hii? Hii ni ya shangazi."

Chumba kikacheka, na bidon zikafungwa moja moja. Nikaiwasha base. Ikasimama. Watu karibu ishirini, wote pamoja, kila mumoja na orodha yake, na ikabaki imesimama. Bon zikaanza kutoka, moja nyuma ya ingine. Orodha ilikuwa inakawia muda wa kukohoa. Tukakohoa.

Lakini Assumani alipofungua sanduku lake kuweka chanjo, niliona uso wake. Barafu zimelainika, ukizibonyeza zinaitika. Kwa njia ya kwenda kwake hazingefika. Na kuzigandisha upya kungetaka mpaka kesho yake.

Feza alikuwa amefika wa mwisho, za kwake zilikuwa bado mu congélateur, ngumu kama jiwe. Hakuna aliyemuomba. "Chukua," akamuambia Assumani. "Kwangu hakuna surua. Mimi nitalala hapa, nigandishe zako."

"Na utarudi na nani?"

"Usinifanyie maneno. Chukua."

Wanaume wawili wa Lusangi, dawa zao zimekwisha kufungwa kwenye pikipiki, wakashusha mizigo. Wakasema watabaki, warudi na Feza kesho. Wengine waliokuwa wamepata bon kwanza walikuwa wamekaa uani, pikipiki zimezimwa, wanamungoja Assumani. Hakuna hata mumoja aliyekuwa ameondoka. Directeur alisimama mulangoni anaangalia yote. Nilimuona anageuka, anavuta sparadrap, anakunja ile karatasi anaiweka mfukoni. Hakuomba musamaha, na sikumuuliza. Kutoka siku ile mpaka nilipotoka kazini, haikurudi.

Siku ya posho jioni Assumani alinitumia neno. Kila chupa ya chanjo iko na kaalama kanakobadilika rangi ikishikwa na joto. Aliandika: "Koko, alama bado nyeupe. Wamama walifika wote, wananiuliza kwa nini nimechelewa kuoga."

Sasa turudi kwenu. Nasikia mumenunua barrette mpya, mémoire imekuwa mara mbili. Vizuri, siyo zambi. Halafu mukachukua vipimo mu internet, vya watu ambao wateja wao hawana matope, mukaweka giga nzima kwa kila mutu, na ile amri ya kufunga bidon mukaifuta juu hamukujua kazi yake. Mulipima siku gani? Mulikuwa wangapi mu chumba? Mashine ilipoanguka, hakuna aliyeuliza milango iliyofunguliwa iko mingapi. Mulikimbilia plastiki na muhuri.

Munasema kuja pamoja ndiko kunaua mashine. Nijibuni hili moja: siku ile, kama wangekuja mumoja mumoja, barafu ya Feza ingetoka wapi? Nani angebaki na Feza? Na juma lililopita Assumani alipokuwa chini ya pikipiki, wale wane wa kumunyanyua walikuwa wapi? Walikuwa nyumbani, wanangoja siku zao, kwa amri yenu. Nilikwenda kumuona. Hakuniita Koko wa Mashine. Aliniuliza tu: "Mama, zile chanjo wamezibadilisha?" Bado. Wamama wa kule wanangoja hata leo.

Vipimo munavijua, na kusoma mumesoma kunizidi mbali. Punguzeni kameza, rudisheni ile amri, acheni mubebaji apite, mujaribu mukiwa ishirini. Ni kazi ya asubuhi moja. Mukikwama Trésor yuko, simu yake inaita, naye haoni haya kuulizwa.

Na ile karatasi muitoe kabla ya siku ya ine. Mimi sina muhuri. Niko na bidon ya njano, kifuniko chake kimepasuka, Kasongo yote inaijua. Kesho asubuhi naiweka mbele ya mulango wenu, chini kabisa ya ile karatasi, na ya kwenda nayo chemchem nitaazima kwa jirani. Musiisogeze. Itashika nafasi ya Assumani mpaka wenzake wafike, wote pamoja.